Redio Ikinyamaza, Iulize Betri Kwanza

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini kuna chumba kimoja ambacho redio yake haizimwi ila usiku wa manane. Aghalabu chumba hicho ni cha mzee. Kwetu sisi ni chumba cha shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye macho yake yamefifia kwa uzee kiasi cha kutoweza kuitambua mishale ya saa ukutani. Redio yake ni ya kizamani, ya betri nne kubwa, na mpini wake umefungwa kwa utepe. Kwa redio hiyo hujua kumepambazuka, hujua adhuhuri imeingia, na hujua wakati wa kulala.

Miezi michache iliyopita nilimpeleka kliniki kupimwa shinikizo la damu, kama tufanyavyo kila mwezi. Muuguzi alipima mara moja, akanyamaza, akapima mara ya pili, kisha akauliza iwapo mama huyu anakunywa dawa zake. Nikajibu upesi kwamba anakunywa bila ya kukosa. Shangazi akanigusa mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mimi dawa yangu huimeza inapoanza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sasa redio haisemi, hii ni wiki ya tatu. Siku nyingine nasahau, siku nyingine naogopa nimesahau, nikameza tena."

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Unarudi kazini umechoka, mama. Nikusumbue kwa ajili ya redio tu?"

Nilitahayari. Kimya cha chumba kile nilikuwa nimekisikia, nikadhani mzee anapumzika. Kumbe alikuwa amepotewa na saa.

Tulipokuwa tukirudi nilinunua betri mbili dukani, nikazitia pamoja na mbili nilizozikuta ndani. Redio haikusema. Nikaigonga ubavuni, kama tulivyozoea wengi wetu, wala haikusema. Mume wangu akatoa hukumu kwamba redio imekufa, nami nikakubaliana naye. Tukaanza kuhesabu fedha za kununua nyingine, katika mwezi ambao ada ya shule ilikuwa bado haijakamilika. Ndipo alipopita jirani yetu, mzee ambaye zamani alikuwa fundi wa redio. Alipotusikia alicheka, akasema: "Hamjampima mgonjwa, mmekwisha chimba kaburi."

Alikaa nasi barazani kwa muda wa saa moja. Alitufundisha kwamba redio ndogo inaponyamaza, au inaposema kwa kukoroma, mara nyingi ugonjwa hauko katika redio yenyewe, bali uko katika betri na mahali betri zinapogusana na redio. Na kwamba mambo hayo huchunguzwa kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kuanzia lisilogharimu chochote. Utaratibu huo ndio ninaotaka kuwaleteeni leo.

Kwanza yafaa tujue betri ni kitu gani. Betri ya kawaida, ambayo wengine huiita jiwe, ni kikopo cha zinki kilichojazwa kemikali yenye unyevunyevu na unga mweusi wa manganizi, na katikati yake kimesimamishwa kijiti cha kaboni. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyebuni betri ya namna hiyo mwaka 1866, lakini yake ilikuwa ya majimaji ndani ya chupa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Carl Gassner aliigeuza kuwa betri kavu isiyomwagika, na hapo ndipo ilipowezekana kuibeba. Kila redio inapotumika, zinki ya kile kikopo huliwa kidogo kidogo, na huko kuliwa ndiko kunakotoa umeme. Jirani yetu alilieleza jambo hili kwa mfano mzuri: betri ni kama mtu aliyejenga kibanda cha mbao, kisha akawa anachomoa mbao za ukutani ili apate kuni za kupikia. Maadamu ukuta ungalipo, chakula kitaiva. Lakini siku moja ukuta utatoboka, na mvua itaingia. Ndiyo maana betri iliyokwisha hutoa maji na kuharibu chombo.

Redio za mkononi zilianza kuenea baada ya redio ya kwanza ya transista kuuzwa Marekani mwaka 1954. Hapa kwetu betri ndiyo iliyozifikisha redio hizo mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na redio na betri za National zikawa vitu vya kawaida katika nyumba zetu. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, vikundi vya wananchi vijijini vilikaa vikiizunguka redio na kujifunza habari za maji safi na vyoo. Somo zima la kijiji lilitegemea betri chache. Basi tusiidharau elimu ya kitu hiki kidogo.

Hatua ya kwanza ni kuipa redio umeme mwingine. Redio nyingi zina tundu la waya wa umeme wa nyumba. Ukiweza kuazima waya unaolingana nalo, jaribu. Redio ikisema kwa umeme wa nyumba na isiseme kwa betri, basi ujue ni nzima, na utafutaji wako umepungua kwa nusu. Waya wa redio ya shangazi ulipotea siku nyingi. Jirani alituletea wake, akauchomeka, na sauti ikajaa barazani. Shangazi alipiga makofi ndani ya chumba chake. Hukumu yetu ya kifo ikawa imetenguliwa. Tahadhari moja tu: chomoa waya huo kabisa kabla ya kugusa kitu chochote ndani ya nyumba ya betri.

Hatua ya pili ni kutazama namna betri zilivyolala. Ndani ya redio mmechorwa alama za kujumlisha na za kutoa. Ncha yenye kifundo ni chanya, na kitako kilicho bapa ni hasi. Aghalabu kitako ndicho kinachokaa kwenye springi. Betri moja ikigeuzwa, haiwi tu kwamba haisaidii, bali huwapinga wenzake. Mtoto anaweza kuigeuza, na mtu mzima mwenye haraka anaweza pia.

Hatua ya tatu ni kuuliza umri wa kila betri. Betri kavu iliyo mpya hutoa volti 1.5, au zaidi kidogo. Nne zikifuatana hutoa volti 6, nazo ndizo redio inazozitaka. Mwenye mita ya fundi anaweza kupima moja moja: ikionyesha chini ya volti 1.2, imechoka; ikikaribia volti 1 au chini yake, kwa redio imekwisha. Hata hivyo betri iliyochoka huweza kuonyesha kipimo kizuri inapokuwa imepumzika, kisha ikaanguka mara inapopewa kazi. Kwa hiyo ni afadhali kuipima redio ikiwa imefunguliwa.

Asiye na mita na atumie masikio. Redio ikisema vizuri kwa sauti ya chini, lakini ukiongeza sauti ikakoroma au ikatoa mlio wa "pu-pu-pu" kama mtambo wa mashua, betri zimechoka. Ikisema kwa dakika kumi ikafifia, nawe ukaizima, na baada ya kupumzika ikasema tena, betri zimechoka vilevile. Lakini ikinyamaza ghafla, kisha ikasema inapotikiswa au unapozisukuma betri kwa kidole, hapo usinunue betri. Hapo kinachougua ni mahali pa kugusana.

Na hapa ndipo tulipoligundua kosa la nyumba yetu. Usiku mmoja umeme ulipokatika, watoto walichukua betri mbili za redio ya shangazi wakazitia katika tochi, na zile za tochi zilizokwisha kuchoka wakazitia katika redio. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanasoma. Lakini betri nzima na betri mbovu zikifungwa pamoja, ile mbovu huwa mzigo kwa wenzake. Hizo zenye nguvu huendelea kusukuma umeme kupitia ndani yake hata baada ya yenyewe kuishiwa, nayo huharibika zaidi na kutoa maji. Nami nilipotia mbili mpya juu ya mbili mbovu, nilirudia kosa lile lile kwa fedha taslimu. Kanuni ni hii: betri zote hubadilishwa siku moja, na zote ziwe za aina moja. Usichanganye ya kawaida na ya alkali. Tazama maandishi yake: kubwa ya kawaida huandikwa R20, na ya alkali huandikwa LR20, ndogo ya kawaida ni R6, na ya alkali ni LR6. Herufi L ndiyo inayozitofautisha.

Hatua ya nne ni kuchunguza springi na vibati ambavyo betri huvigusa. Katika redio ya shangazi tulikuta springi moja imevaa ukoko mweupe na wa kijani, kama chumvi iliyooza. Umeme haupiti katika ukoko huo, hata betri zingekuwa mpya kiasi gani. Mafundi hutoza kwa kazi hii, ilhali mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya nyumbani. Toa betri zote. Kwangua ukoko kwa kijiti cha kiberiti au kwa mswaki wa zamani, huku umeinamisha redio ili uchafu uanguke nje usiingie ndani. Ikiwa betri iliyovuja ni ya alkali, chovya pamba katika siki au maji ya limau kidogo tu, pangusa ukoko ulainike, kisha pangusa tena kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ikiwa ni ya kawaida, kitambaa chenye unyevu hutosha. Kausha vizuri. Halafu sugua chuma kwa msasa laini, au kwa kifutio cha penseli, mpaka king'ae. Ikiwa springi imelala, ivute taratibu isimame. Nawa mikono baadaye, na wala usiyaguse macho kabla ya kunawa, kwani maji ya betri huchoma, hasa yale ya betri za alkali.

Usisahau pia kuufuata waya unaotoka kwenye springi. Kutu hiyo ya kijani hupanda ndani ya waya, ikaukata mahali usipopaona kwa urahisi. Waya ukikatika, hiyo ni kazi ya kuchomelea kwa risasi, na fundi mwaminifu huimaliza kwa dakika chache.

Hatua ya tano huwashangaza wengi. Ndani ya lile tundu la waya wa umeme mara nyingi mna kibati kidogo, ambacho huzitenga betri wakati waya unapochomekwa na kuziunganisha tena waya unapochomolewa. Vumbi au kutu vikikishika, redio hudhani kwamba waya bado upo, ikazikataa betri ingawa ni mpya kabisa. Chomeka waya na kuuchomoa mara kumi hivi, upande wa redio tu, huku ule upande mwingine ukiwa haumo ukutani. Mara nyingi kibati hurudi mahali pake.

Ukiwa umezipita hatua hizi tano, na redio ingali kimya au inakoroma hata kwa betri mpya, hapo nenda kwa fundi. Mweleze yale uliyokwisha kuyachunguza. Fundi akijua kuwa mwenye chombo anajua mahali ugonjwa usipokuwa, hatakutajia ugonjwa ambao haupo.

Sasa niseme juu ya desturi yetu ya kuanika betri. Nani kati yetu hajaona betri zimepangwa dirishani au juu ya bati, zikiota jua? Shangazi mwenyewe alizianika siku ya kwanza redio iliposinzia. Desturi hii si uongo mtupu. Joto huziamsha kemikali zilizosalia ndani, na betri huweza kuisemesha redio kwa kitambo. Lakini jua haliongezi zinki iliyokwisha kuliwa. Tunachopata ni kuzikusanya kuni za mwisho kutoka katika ukuta uliokwisha kutoboka, na mara nyingi maji ya betri hutoka siku hizo hizo. Wako pia wanaozichemsha, wanaozitoboa kwa msumari, na hata wanaozing'ata kwa meno. Nawasihi waache. Wala betri ya kawaida isitiwe katika mashine ya kuchajia, huweza kupasuka. Zinazochajiwa ni zile zilizoandikwa hivyo, nazo hutoa volti 1.2 tu kila moja, kwa hiyo usishangae zikionyesha kipimo kidogo kuliko zile za kawaida.

Kuna hata hivyo namna ya heshima ya kuitumia betri iliyochoka. Saa ya ukutani hutumia umeme kidogo mno kuliko redio. Ikiwa redio yako ni ya betri ndogo, zile zilizoshindwa kuipaza sauti yake huweza kuiendesha saa kwa miezi, mradi hazijavuja, nawe uzitazame mara kwa mara. Huo ndio ubanaji wa matumizi wenye akili.

Redio ndogo za siku hizi nyingi zina betri bapa kama ya simu, inayochajiwa kwa waya wa simu. Utaratibu wa kuchunguza ni ule ule: jaribu waya mwingine, tazama tundu kama lina vumbi, safisha vibati vya shaba. Lakini betri ya namna hiyo ikivimba, hata kidogo, usiitoboe, usiibonyeze, wala usiichaji tena. Itoe ikiwa inatoka kwa urahisi, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha upeleke redio kwa fundi.

Wazazi nawaomba jambo moja zaidi. Vile vibetri vya duara kama kitufe, vinavyokaa katika saa, katika vidhibiti vya mbali na katika vitu vya kuchezea, ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, huweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Usingojee kuona kama kitatoka, wala usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na uwaambie wauguzi kwamba unashuku amemeza betri. Na betri zote zilizokwisha zisitupwe motoni, wala wasipewe watoto kuzipasua kwa ajili ya ule unga mweusi.

Nihitimishe kwa mambo machache ya kuzuia, maana kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Redio isiyotumika kwa wiki kadhaa itolewe betri. Redio inayotumika kila siku ifunguliwe mara moja kwa mwezi, nyumba ya betri itazamwe. Betri mpya zikae mahali pakavu pasipo joto, na tarehe iliyoandikwa juu yake isomwe kabla ya kulipa. Na tochi ya nyumba iwe na betri zake, ili asiwepo wa kuazima za mwenzake gizani.

Redio ya shangazi ilisema jioni ile ile. Gharama yote ilikuwa betri mbili zaidi, siki kidogo, na kipande cha msasa alichotoa jirani mfukoni. Zilipogonga saa mbili usiku, shangazi aliinua kikombe chake cha maji, akameza kidonge chake kimoja, akasema, "Alhamdulillahi, saa yangu imerudi."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza jambo ambalo jirani yetu hakulitaja. Uhai wa mzee si wa kuachiwa betri nne. Tangu siku ile binti yangu, aliye darasa la tano, ndiye anayempelekea bibi yake kidonge, na kutia alama kwenye kalenda, redio iwe inasema au haisemi. Nami nirudipo kazini, kabla ya kuweka mkoba chini, husimama mlangoni pake nikasikiliza. Nikisikia kimya, siendi zangu tena. Huingia, nikamwamkia, nikauliza.

Nawe, ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Ukimaliza ukurasa huu, ifungue redio ya mzee wenu utazame springi zake. Na ukiwa umo chumbani humo, kaa kidogo umwulize anaendeleaje. Tuonane Jumapili ijayo.